Mwezi wa Kupumzisha Mguu

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliiacha darasa la tatu, nikavuta watu kwa puspusi, kigari cha magurudumu mawili cha kukokotwa kwa mikono, mjini Mahajanga mpaka nikanunua puspusi langu mwenyewe, na mwishoni mwa miaka ya sabini hakuna aliyeniacha nyuma kwenye mbio ndefu. Matajiri walinilipa nikimbie. Kutulia sikujui, hata sasa miguu inacheza chini ya meza.

Basi muundi wa kulia ukaanza kuuma. Bibi mmoja wa Kingazija, mkandaji pale mtaani Mahabibo, akanipaka mafuta na kuniamuru nipumzike mwezi mzima. Nikatii. Niliporudi mbioni, maumivu nayo yakarudi. Ikawa hivyo mara tatu, nikamfokea.

"Bibi, mafuta yako bure! Mwezi mzima sijakimbia hata hatua!"

"Na puspusi, mwanangu, alilivuta nani? Punda?"

Nikacheka. Kwangu kuvuta ilikuwa kazi, siyo mbio. Nikapanda boti kwenda kisiwa cha Nosy Be, kwenye mbio za zawadi kubwa ambayo sijapata kuiona. Naingia kijiji cha Marodoka niko mbele peke yangu, mfupa ukalia kama ukuni mkavu, nikaanguka.

Daktari alisema ufa ule ulikuwa wa siku nyingi. Hapo, nakiri, nilishangaa. Mbio za kulipwa ziliishia pale. Plasta, kitanda na nauli ya kurudi vilinilazimu kuliuza puspusi langu, vikameza bei yake yote: faranga elfu sitini na saba na mia tano.