Nilivyoamkia Viatu

Wageni wa wilayani walikuwa wanakuja kwenye makao yetu ya wazee hapa Mbulu, kuona kama mwalimu wa mazoezi ana faida yoyote. Mwalimu mwenyewe ni mimi. Nikawaagiza wazee kwa majivuno: "Nikifanya kitu, fanyeni. Nikisema kitu, semeni."

Nikainama kushika vidole vya miguu, mgongo ukakaza palepale.

"Yesu wangu!" nikalia.

"Yesu wangu!" wakaitikia wote, wameinama kwenye viti vyao.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Huko chini nilikokuwa sikuona uso wa mtu, niliona viatu vyeusi vinavyong'aa. Nikajua ni mkubwa.

"Shikamoo!" nikaviambia.

"Shikamooo!" wazee wakarudia kwa nguvu.

Nikageuza shingo kwa taabu. Mwenye viatu alikuwa kijana wa juzi, hata ndevu hana, na wazee wenye vitukuu ndio kwanza wamemwamkia.

Bibi Martha, mkubwa kuliko wote, akainuka bila hata kushika kiti.

"Mwalimu, sisi tumemaliza. Wewe unatafuta nini huko chini?"