Fundi Rangi na Banda la Kuku Wangu

Mganga hajigangi, wamesema wahenga, na mimi ndiye shahidi wao. Nimeolewa na fundi rangi. Mtaa mzima unamwita Brashi, hata watoto wasiojua kusalimu, na hakuna nyumba ya maana hapa jirani ambayo hajaipaka. Yetu sasa. Sebule ina ukuta mmoja wa kijani na mitatu inayosubiri zamu. Mlango wa choo ulipakwa nusu ya chini tu, kwa sababu mteja alimpigia simu akiwa bado amechuchumaa.

Tena hatupi kitu. Mabaki yote ya rangi ya mafuta anayorudi nayo kazini huyamimina kwenye ndoo moja kubwa nyuma ya nyumba, ya bluu juu ya kahawia, kahawia juu ya waridi, anakoroga, anafunika, anasema itapata kazi. Kinachotoka humo hakina jina. Kina sura ya maini yaliyolala nje.

Mimi nina kuku. Nilipoacha kushona kwa sababu ya macho, kuku ndio walionirudishia kauli ndani ya nyumba. Mayai ni yangu, wateja ni wangu, na simwombi mtu hela ya sabuni. Basi utitiri ulipoingia bandani, ukajificha kwenye nyufa za mbao na kuwanyonya damu, nililala na wasiwasi kama mwenye mgonjwa. Mama anayeuza dawa za mifugo akanielekeza nisafishe, nizibe nyufa, kisha nipake ndani chokaa, au rangi ya maji isiyo na sumu ya madini ya risasi. Rangi ya mafuta alikataa, na ya makopo ya zamani ndiyo kabisa, maana kuku hudonoa kila kinachobanduka ukutani. Halafu akarudia mara mbili kwamba mapafu ya kuku ni dhaifu, kwa hiyo nikipaka chochote, wasirudi ndani mpaka harufu iishe yote.

Nikamfikishia fundi wangu maneno hayo kama nilivyoyapokea. Kumbe nampigia mbuzi gitaa. Alisema chokaa ni ya mawe ya kando ya barabara, na kwamba wateja wakipita wakamwona anapaka chokaa uani kwake atakuwa amejiharibia jina. Nikamwambia aache, nitapaka mwenyewe. Akanyamaza, nami nikadhani ukimya ule ni kukubali, kana kwamba sijaishi naye.

Nilikwenda kumsaidia dada yangu kuhama nyumba. Niliporudi, banda lilikuwa linang'aa ndani, rangi ya maini juu mpaka chini, na kuku wangu wamejaa stoo, wengine juu ya gunia la unga. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anangoja sifa. Alichokipata hakikuwa sifa, na jirani zangu bado wanakikumbuka.

Tangu hapo kuku walihamia stoo, nami nikahamia kwenye kinyesi chao. Nilikuta yai ndani ya kiatu changu cha kutokea. Na kila asubuhi ilikuwa vita ileile. Fundi anaingiza kichwa bandani, anavuta pumzi ndefu kama daktari, anatangaza kwamba harufu imekwisha. Mimi naingiza changu, machozi yananitoka na koo linawasha. Nasema bado. Anasema nina visa. Nasema bado. Anasema yuko kwenye rangi tangu kabla hajanioa, leo mshona nguo ndiye anamfundisha harufu. Nilichoka mpaka nikachoka kuchoka. Kuna mbishi anayejua na kuna mbishi asiyetaka kushindwa na mkewe, na mimi nilishamweka wangu kundi la pili.

Mchana mmoja nilipeleka mayai kwa mteja. Kurudi, nikakuta stoo imefagiliwa, haina hata unyoya. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Nikaufungua kwa pupa. Kuku walikuwa wamejibana kwenye dirisha la waya, na yule mwekundu, mtagaji wangu mkubwa, amelala chini, mdomo wazi, shingo ameinyoosha anatafuta hewa. Niliwatoa wote. Mwekundu nikamweka kivulini na bakuli la maji. Hakuligusa.

Mume wangu akaja mbio, akauliza kuna nini, si harufu imeisha. Damu ikanichemka. Karibu na ndoo yake palikuwa na tambara lililoloa mafuta ya taa, lile analosafishia brashi. Nikaliokota, nikamwekea puani.

"Na hii je? Hii nayo imeisha?"

Mtu yeyote angerudisha kichwa nyuma. Yeye hakurudisha. Alisimama na tambara lake puani, akanitazama usoni, anatafuta kwangu cha kujibu.

"Inanuka," akasema hatimaye.

"Inanuka nini?"

"Rangi."

Nikakumbuka maziwa yaliyochacha aliyokunywa mpaka mwisho na kushukuru. Nikakumbuka sufuria iliyoungua naye amekaa pembeni anasikiliza redio, nami nikamwita mvivu. Nilimuuliza tangu lini. Akaketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Siku nyingi, mama. Mwanzo nilidhani mafua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Fundi rangi hana pua. Nani atampa kazi?"

Nilitaka kuendelea kukasirika, haki yangu nilikuwa nayo, lakini huruma ilinizidi. Kule kivulini mwekundu akainuka, akayumba, akaanza kunywa maji. Nilimwonyesha ili apate nafuu. Hakumtazama. Alikuwa anatazama barabarani.

"Kuna chumba nimekabidhi juzi," akasema. "Cha mtoto mchanga. Nilimwambia mama yake amlaze, hakinuki."

Tuliondoka vilevile, mimi na nguo yenye manyoya. Njiani alisema banda atalikwangua lote na kulipaka chokaa, kila mtu apite aone. Mimi nilikuwa nakimbilia mbele.

Mlango ulifunguliwa na mama mwenye umri mdogo, mtoto begani, mzima, analia kwa afya yake yote. Fundi akavua kofia. Nikauliza mimi kama mtoto amelala kile chumba.

Akasema hapana, wanalala naye sebuleni, maana kule bado kunaumiza kichwa.

"Mbona hukuniambia?" fundi akauliza.

"Nilikwambia siku ile, mzee. Ukasema hakinuki. Nikaona haya kubishana na wewe."

Niliingia peke yangu. Chumba kilikuwa kizuri, cha rangi ya maziwa, kingo zimenyooka, hakuna tone sakafuni, kazi ya mtu anayejua kazi. Harufu ilinipiga kabla sijafika katikati. Nikafungua dirisha mpaka mwisho, nikageuka. Mume wangu alikuwa kizingitini, kofia mkononi, hakuthubutu kuingia. Aliusoma uso wangu, kisha akamgeukia yule mama.

"Usimlaze humu," akamwambia, "mpaka mke wangu aje aseme."