Mama Augustine na Madume ya Kwenye Picha

Mmenisumbua vya kutosha. Mkono wangu huu umezoea kisu, haujazoea kalamu, na mnajua hivyo, lakini kila Jumapili baada ya misa mnanishika nguo: Mama, tuandikie habari za Augustine, wewe ulimjua. Nani hakumjua? Mtaa mzima wa Mangobo ulimjua. Wanaomjua hawaandiki, na wanaoandika wanatia chumvi. Bon, haya. Nitaandika mara moja tu. Atakayeona herufi zangu zimelala vibaya, aziamshe mwenyewe.

Augustine Lukumani aliuza nyama ya pori soko la Mangobo tangu alipokuwa msichana. Hakuwa mrefu, hakuwa mzuri wa sura, na mdomo wake ulikata kuliko kisu chake. Lakini Mungu alimpa vidole. Ungempa paja moja tu, halina kichwa, halina ngozi, lililokaushwa moshi mpaka limekuwa jeusi kama mkaa, akalipapasa, akabonyeza goti, akanusa mahali mfupa ulipokatwa. Halafu angekuambia: dume, ana miaka mitano, mtego ulimshika asubuhi na mwindaji akamkuta jioni. Au angesema: huyu alilala kwenye mtego siku mbili, msimpe mtoto.

Siku moja Papa Paluku, yule Mnande wa duka la chumvi, alinunua mguu kwa mwanamke mwingine, akapita nao mbele ya meza ya Augustine akijisifu kwamba amepata nyama laini ya kijana. Augustine hakuinuka hata kwenye kiti.

“Tonton Paluku, uchemshe pamoja na mawe. Vitaiva siku moja.”

Soko lilicheka mpaka Papa Paluku naye akacheka. Baada ya siku mbili alirudi kumwambia kwamba mawe yaliiva kwanza.

Basi ukaja mwaka wa tisini na tisa. Mji ulikuwa na askari wa nchi mbili za kigeni, kila kundi na upande wake, kila njia panda na kizuizi chake. Mashua kutoka Kinshasa hazikupanda mto tena. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Kilichobaki kulisha Mangobo ni mihogo, samaki wa maporomoko, na nyama ya pori iliyotoka upande wa Yanonge, ikisukumwa kwa baiskeli njia nzima, halafu ikivushwa mto kwa mtumbwi. Wanawake kumi na wanne walikuwa na meza za nyama, na kila meza ilikuwa na watoto nyuma yake.

Aliyewaletea nyama hiyo ni Médard, mwindaji wa Yanonge. Mwezi wa tatu alikuja na baiskeli nusu tupu, na habari mbaya: mbwa wa wawindaji walikuwa wanakufa msituni, na hakuna aliyejua wamekula nini. Habari ilifika kwa wakubwa wa afya. Wakubwa wakasema: Jumatatu meza zote za nyama zitafungwa, isipokuwa mtu wa Faculté, chuo kikuu chetu, aseme wanyama wa huko ni wazima.

Mtu wa Faculté alikuwa Profesa Émile. Kabla ya vita, Wazungu wa mradi mmoja walikuwa wamemwachia kamera tatu za kufungwa mtini, ambazo hupiga picha zenyewe mnyama akipita. Médard ndiye aliyekuwa akizifunga na kuzifungua huko msituni, upande huu na upande ule wa kijito cha Lisole. Picha za karibuni zilikuwa zimeoshwa tayari. Tabu ni kwamba Profesa Émile alikuwa mtu wa samaki. Yule wa wanyama alikuwa ameondoka na ndege ya mwisho.

“Mimi ninaweza kukuambia ngege iko na umri gani,” alimwambia Médard. “Hawa wenye pembe, sijui.”

“Mi najua mutu mwenye anajua,” Médard akasema.

Ndivyo Augustine alivyopanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, Ijumaa asubuhi, amefunga kitenge chake cha misa, na Georgette kwenye toleka ya pili nyuma yake. Georgette aliuza nyama kwenye meza ya jirani. Wanawake walimtuma kama shahidi, na njia nzima alipiga kelele: “Augustine, sema iko wazima! Usianze masomo yako! Sema tu iko wazima, turudi!”

Kwa Profesa picha zilipangwa mezani katika mafungu mawili. Zote zilikuwa za madume ya mbuli, swala yule mkubwa wa mabwawani, mwenye kwato ndefu na pembe za kujisokota. Fungu moja lilikuwa na madume watatu waliokonda, mifupa nje. “Hawa ndio wananitia wasiwasi,” Profesa alisema. Fungu la pili lilikuwa na wawili wanene.

Augustine aliinama. Akatazama. Akazunguka meza, akainama tena. 

“Mama, kuna shida?” Profesa akauliza.

“Sijaonaka nyama ikisimama,” Augustine akasema.

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameshika maelfu, na wote walimfikia wamelala. Mbuli mzima, miguu minne chini, jicho linang'aa, hakuwahi kumwona maishani. Alijua kitabu chote, lakini hapa kilikuwa wazi upande asioujua. Mtu mwingine angeona haya akabahatisha. Yeye alichukua ile picha ya kwanza, akaigeuza ubavu, miguu ya mnyama ikatazama ukutani, akaivuta karibu na tumbo lake kama vile ilivyo meza ya sokoni.

“Bon. Sasa amelala. Sasa tutaongea.”

Akazigeuza zote hivyo, moja moja, na kidole chake kikaanza kutembea.

“Muone mugongo, umeshuka katikati. Shingo nene, ngozi imelegea chini ya kidevu. Pembe imesokota mara mbili na ncha imelika, nyeupe. Huyu iko muzee, Profesa. Amekonda sababu ya meno. Meno yakiisha, majani yanapita muzima-muzima. Lakini angalia manyoya: yamelala. Mugonjwa, manyoya inasimama, kama kuku kwenye mvua.”

“Na huyu wa pili?”

“Ni yeye.”

“Na wa tatu?”

“Ni yeye tena. Hapa alipita akienda, hapa akirudi. Ncha ya pembe ya kushoto imevunjika. Hapa unaiona mbele, hapa inajificha nyuma ya ile ingine. Profesa, ulimuhesabu muzee mumoja mara tatu, ukaita hospitali!”

Profesa alichukua lenzi yake, akatazama pembe, akatazama tena, akaanza kucheka peke yake. Georgette akapiga makofi. Ndipo Profesa akasogeza wale wanene wawili. Mmoja alikuwa dume wa makamo, pembe zake safi, na Augustine akampitisha kwa neno moja. Wa mwisho alikuwa kijana, pembe zimesokota mara moja tu, tumbo limejaa.

“Huyu nadhani ndiye mwenye afya kuliko wote,” Profesa alisema. “Ameshiba.”

“Kijana, miaka miwili. Tumbo ni ya siku mbili kwenye mutego. Inauzika bado,” Augustine akasema, akaisukuma picha kando kama anavyosukuma nyama iliyokwisha kupimwa.

Profesa akachukua kalamu kuandika kwamba wote ni wazima. Georgette alikuwa keshatoka nje, anaita toleka, anaimba.

Augustine alifika mpaka kwenye baiskeli. Alikuwa amekwisha kukalia kiti cha nyuma, kijana wa toleka ameshika usukani, aliposhuka tena.

“Nini?” Georgette akauliza.

“Ile tumbo.”

“Tumbo ya nani?”

“Ya kijana. Mi nimesema ni ya siku mbili kwenye mutego. Georgette, yule hakuwa kwenye mutego. Yule alikuwa anatembea.”

Wauza nyama wote wanajua: mnyama akifa asubuhi, kesho yake tumbo huvimba. Macho ya Augustine yalilipita tumbo lile bila kusimama, kwa sababu ya kuliona kila siku. Lakini mnyama aliye hai, mwenye tumbo la maiti?

“Uko na wazimu?” Georgette alimshika mkono kwa nguvu. “Profesa ameandika! Meza imefunguliwa! Nani atajua?”

“Mi najua.”

“Na batoto bangu batakula nini? Batakula akili yako?”

 Augustine naye alikuwa na wajukuu watano nyumbani, na sufuria yake haikuwa nzito kuliko ya Georgette. Aliutoa mkono wake taratibu, akapanda ngazi, akaita toka mlangoni.  

“Profesa, acha kalamu. Nimekosa.” Aliirudisha picha mezani, safari hii akaisimamisha wima, mnyama kwa miguu yake. “Tumbo limepanda mpaka karibu na mugongo. Hiyo haiko shibe, hiyo ni hewa. Masikio yameanguka. Na manyoya, ona hapa begani, imesimama. Huyu anaoza akitembea. Picha ilitoka wapi?”

Profesa aligeuza, akasoma nyuma. Ng'ambo ya kijito cha Lisole. Yule mzee mwenye meno mabovu alikuwa upande wa huku.

Basi Profesa aliandika barua nyingine: nyama ya upande wa huku ipite, ya ng'ambo ya Lisole ifungwe. Haki ilikuwa hiyo. Lakini karibu nyama yote ilitoka ng'ambo. Jumatatu, katika meza kumi na nne, tatu tu zilikuwa na kitu, na ya Augustine haikuwa mojawapo. Wanawake waligawana ile kidogo iliyokuja, yeye hawakumpa. Walimwita Madame Faculté. Walimwuliza kama siku hizi anauza picha, na kilo ni faranga ngapi. Yeye alifika kila asubuhi, akaipangusa meza yake tupu kwa maji na majivu, akaketi nyuma yake mpaka saa tisa. Papa Paluku alimwambia akae nyumbani apumzike.

“Nyumbani nitafanya nini? Kazi yangu iko hapa.”

Wiki tano. Aliishi kwa pondu, majani ya mihogo aliyopanda nyuma ya nyumba, na kwa kiburi.

Wiki ya sita Médard alifika, akaegemeza baiskeli, akazungumza mbele ya wote. Ng'ambo ya Lisole walikuwa wamekuta mbuli kijana amekufa kando ya maji, amevimba, damu puani. Karibu naye wengine wawili. Familia moja ilikataa kusikia barua ya Profesa, ikakata nyama ya mmoja wao. Baba na binti yake walizikwa juma lile. Watu wengine walitii, na wako wazima.

 Georgette aliinuka na lile fungu lake la samaki, kwa maana alikuwa amehamia samaki, akaja mpaka meza ya Augustine, akamwaga nusu juu ya mbao safi.

“Usifikirie nakuomba samahani,” akasema. “Meza ikikaa tupu inavuta nzi.”

“Samaki hawa ni wa juzi,” Augustine akasema.

“Wa jana!”

“Wa juzi, Georgette.”

Wakauza pamoja mpaka jua likashuka. Walikuwa wa juzi.

Nimemaliza yangu, na vidole vinauma. Sasa wewe uliyesoma, usikae hapo ukisema asante. Kwenu nako yuko mtu aliyeshuka kwenye baiskeli wakati angeweza kwenda zake. Niandikie jina lake, kazi yake, na neno alilosema mlangoni. Kurasa mbili, herufi kubwa, macho yangu yamechoka. Uzilete mwenyewe Mangobo kabla ya Pasaka, usimtume mtu.