Kuku wa Mzee Pandu Aliyenikosesha Shule

Haya, chekeni sasa mmalize, maana najua Rumonge nzima mnaniita Haikuandikwa na mnadhani sisikii. Aibu nilipata, sikatai, tena mbele ya mama yangu, mbele ya Maalim wangu na mbele ya Mdachi mwenye ndevu nyekundu. Lakini nisikilizeni na mimi, kwa sababu mpaka leo nikiikumbuka siku ile damu inanichemka.

Mwajua ilivyokuwa wakati ule wa Mdachi. Kijana mwenye shingo nzima alikuwa mali ya mzigo. Askari wakija kutoka bomani wanakuokota sokoni na samaki wako wa ndagala mkononi, unabebeshwa sanduku mpaka Usumbura, na ukirudi (kama unarudi) hujijui. Kaka yangu Shabani alirudi na shingo imepinda, akizungumza nawe anatazama ziwa. Ndipo tukasikia kwamba atakayeingia shule ya serikali Usumbura habebi mzigo wa mtu. Mama akanishika mkono akasema, "Mwanangu, ingia mule. Sitaki watoto wawili wa kutazama upande."

Nami niliona nimekwisha kuingia. Mimi nilikuwa nimehitimu Kurani, watu walikula pilau kwetu, na herufi za Kizungu nilizijua kabla mwezi haujaisha. Serikali ilituletea mwalimu kutoka pwani, mtu safi, kanzu haina doa, ili atutayarishe kwa mtihani. Akatusomea hadithi, halafu akaanza kutuuliza maswali juu ya hadithi ileile. Nikashangaa! Karatasi iko mbele yako, umeisoma wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kisha unaniuliza mimi imesema nini? Kwetu ukimuuliza mtu jambo mlilolisikia wote pamoja, ama unamdharau, ama unamtafutia uongo.

"Ramazani, fikiri," mwalimu alikuwa akiniambia kila siku. "Nakuuliza maana, sikuulizi maneno."

Nifikiri nini? Chuoni kwa Maalim hakuna aliyeniambia nifikiri. Tulisoma, tukahifadhi, tukisahau tulichapwa. Basi nikakata shauri (na shauri hili ndilo lililoniua) kwamba nitahifadhi hadithi yote, neno kwa neno, na swali lolote likija, jibu litakuwa humo ndani, litapita wapi? Na kwa kuwa mimi siwezi kuhifadhi kitu bila sauti, niliisoma kwa sauti ya chuoni, ile ya kuvuta na kupandisha, asubuhi na jioni, pale ufukweni mama na wenzake walipokuwa wakianika ndagala. Watoto wakaishika. Wanawake wakaishika. Hata wavuvi wa Minago walioleta samaki walirudi kwao wakiivuta.

Hadithi yenyewe ya kijinga. Mzee Pandu alikuwa na kuku mweupe mwenye mguu mbovu. Kuku akapotea. Mzee akamwendea jirani akamuuliza, umemwona kuku wangu? Jirani akajibu, sijapata kumwona kuku wako maisha yangu, tena kuku anayechechemea vile hawezi kufika kwangu. Basi. Imekwisha. Hiyo ndiyo elimu ya Mdachi.

Siku ya mtihani walitandaza meza sokoni na mji wote ukaja, kwa sababu kwetu mtu akisomeshwa hadharani watu huja kumsikiliza. Mdachi akakaa, mwalimu akasimama nyuma yake anatokwa jasho. Nikaitwa. Nikapiga bismillahi, nikaanza kuvuta: "Mzee Panduuu alikuwa na kuku..." Nilipofika pale kuku alipopotea, Bibi Mwamini, ambaye masikio yake yalikwisha kitambo, akaona midomo yangu, akainua mikono juu akasema, "Amin!" Wenziwe wakafuata, "Amin!" Soko zima likamwombea dua kuku.

"Kwa nini huyu anaimba?" Mdachi akauliza.

Mwalimu akasema ni furaha, Bwana.

"Swali. Kuku rangi gani?"

Jamani, nilijua! Lakini nyinyi mliosoma chuoni mtanielewa, kitu ulichokihifadhi huwezi kukidaka katikati, lazima uanzie kichwani mpaka ukikute. Nikaanza upya: "Mzee Panduuu..." Nikafika kwenye mweupe, nikasimama nikamtazama. Mdachi akapumua kwa pua. Swali la pili, mzee alimwendea nani? Nikarudi tena mwanzo, na safari hii watoto wakanipokea, wanawake wa ndagala wakaitikia, na tulipofika kwa jirani sikuwa nasoma mimi, lilikuwa likisoma soko. Mdachi akaona tunamfanyia mzaha. Akapiga meza kwa kiboko.

"Kimya! Swali la mwisho. Nani alichukua kuku?"

Nikaipitia hadithi moyoni kutoka kichwani hadi mkiani. Hakuna. Nikaipitia tena. Hakuna! Nikasema kwa adabu, "Bwana, haikuandikwa. Na mimi sikuwapo."

Watu wakashangilia. Maalim akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mtu haitwi mwizi bila mashahidi. Mama alipiga kigelegele. Nami, mjinga wa Mungu, nikainama kidogo kama bwana harusi.

Akaitwa Bukuru, mtoto wa wakamua mawese wa Minago, asiyejua Kurani wala kuvuta sauti. Akasoma kama mtu anayetembea kwenye miiba, neno, kituo, neno. Alipoulizwa nani alichukua kuku, hakufikiri hata kidogo.

"Iko ule jirani, Bwana."

"Umejuaje?"

"Anasema hajamuona, lakini anajua kama kuku iko nachechemea."

Mdachi akacheka mpaka ndevu zikatikisika, akamwandika Bukuru. Hapo ndipo nilipoharibu kilichobaki. Nikapiga kelele, "Bwana! Huyu amesingizia mtu! Mashahidi wako wapi?" Tena nikaigonga meza, ile meza yake.

Mdachi akanitazama kwa mara ya kwanza, si uso, akatazama shingo. "Huyu ana nguvu," akasema.

Kesho yake nilikuwa njiani kwenda Usumbura na sanduku kichwani, na nguo za Bukuru zilikuwa zimewekwa juu yake. Mwenyewe alitembea mbele, mikono mitupu. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Tulipofika mlangoni pa shule akanisaidia kutua, akanishukuru, "Murakoze, mukubwa," akaingia. Nikasimama nje najaribu kugeuza uso nimtazame, shingo ikakataa.

Mama aliponiona narudi alinivuta ndani akanilaza mkekani. Alinikanda kwa mawese ya moto huku analia.

Sasa nimeapa, na nyinyi mnisikie. Siku Mdachi mwingine akija hapa akaniuliza nani mwizi, sitangoja iandikwe wala sitatafuta shahidi. Nitamtajia jirani, jirani yeyote, hata wewe uliyekaa hapo unacheka.