Biskuti Nne za Siku Yangu ya Kufunga

Ijumaa moja ya mvua haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa sasa umeingia darasa la kipaimara, keti nikuhadithie. Usicheke eti ndevu sina. Niko kidato cha tatu. Kwako wewe wa darasa la sita mimi ni mzee kabisa, hata magoti yananiuma, ingawa ni kwa sababu ya kucheza mpira.

Mama yake Anyosisye, rafiki yangu, alikuwa amelazwa hospitali ya Igogwe, hajitambui. Jumuiya yetu huku Ikuti ikapanga zamu: kila mmoja afunge siku yake, jioni aje kwenye ibada ya nyumbani aseme, "Nimemaliza," kisha amtaje wa kesho. Mfungo usikatike. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wazee. Ijumaa ikawa yangu.

Asubuhi nilikuwa mtakatifu. Kufika saa sita nikawa mtakatifu mwenye kizunguzungu. Na ndiyo kwanza biskuti za krimu zilikuwa zimefika madukani. Siku hizi za ruksa ya biashara hata majaribu huja kwenye pakiti. Mwenzangu akanipa nne nyuma ya choo cha shule. Nikala tatu, nikasema ya nne naiacha iwe sadaka. Nikaila nayo.

Jioni nikasimama. "Nimemaliza. Bwana amenitia nguvu!" Watu wakaitikia amina mpaka bati likalia. Anyosisye akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Ndaga, ndugu yangu," akanishukuru. Krimu ilikuwa bado kwenye meno.

Kesho yake habari ikaja: mama amezidiwa.

Mwanangu, siku hiyo nilifunga kweli bila kupangiwa zamu. Ugali haukupita. Kila aliyeshuka njia ya migombani nilimsoma uso. Alipotokea mama mmoja amejitanda kanga kichwani, nikakaa chini kwenye tope, nikijua ndiyo msiba. Kumbe alikuwa anakinga mvua tu.

Jumapili nikamwendea Bibi Tusekile, mzee wa kanisa aliyekuwa akituongoza sala. Alikuwa anamenya ndizi.

"Bibi, nimemuua mama yake Anyosisye."

"Kwa nini?"

"Kwa biskuti."

Nikamweleza yote. Hakucheka. Akaweka kisu chini.

"Unadhani Kyala, Mungu mwenyewe, amefunga roho ya mtu kwenye utumbo wako? Utumbo wenyewe una urefu gani, wewe?" Kisha sauti ikashuka. "Lakini Anyosisye alikuegemea, nawe hukuwepo. Nenda kamwambie."

"Atanipiga, Bibi."

"Huenda. Nenda."

Nilimkuta nje ya wodi, kwenye benchi, amekumbatia chupa ya chai. Nikasema haraka kabla miguu haijabadili mawazo: "Ijumaa nilikula."

Akaiweka chupa ya chai chini. Nikajiandaa kwa ngumi.

"Jumanne ilikuwa yangu," akasema. "Nilikula kiporo cha ndizi. Mama yangu mwenyewe, na nikala. Tangu siku hiyo silali."

Akasogea kunipa nafasi kwenye benchi, tukaomba pale pale, bila sauti ya kanisani: "Bwana, tulikula. Tunakuomba hivyo hivyo."

Mama alifumbua macho wiki iliyofuata. Leo anakwenda ibadani na fimbo. Sitakwambia ni kwa sala yetu, wala sitasema siyo. Hilo bado linanitia woga.

Ninachojua ni hiki. Ukipewa zamu ya kufunga, funga. Ukishindwa, jioni simama useme, "Nimeshindwa, nani anishike?" Mficha maradhi, kifo humuumbua, na ungamo lako huenda ndilo mwenzako analisubiri apate kulala. Soma Neno hata bila kuulizwa, omba pasipo na wa kukuitikia amina, na ushuhuda wako usiwe mrefu kuliko mfungo wako.

Kyala akutunze, mwanangu. Akupe tumbo tulivu na mdomo wa kweli, na siku utakapoanguka, asikunyime mtu wa kukusogezea nafasi kwenye benchi.