Aliyembeba Mwanangu Siku ya Kuaga Wageni

Wanaosema nilichanganyikiwa na moshi wa kuni wakae kimya, kwa sababu hawakuwepo jikoni. Mimi nilikuwepo. Akili zangu timamu, kidato cha nne nimemaliza, na mtoto ni wangu.

Tulikuwa na wageni kumi, wanafunzi kutoka Ujerumani, wamekaa wiki tatu kwenye hosteli moja pale mtaa wa Ramadhani, Njombe, nami nikiwapikia. Siku ya mwisho ilikuwa shangwe tupu! Ukungu umeshuka hadi huoni banda la kuku, lakini wao wanacheza muziki uwanjani, wanafunga mabegi, wanagawa nguo. Hanna, aliyesoma Kiswahili kwao, ndiye aliyemzoea mwanangu Lusungu kuliko hata shangazi zake. Alivua sweta lake jekundu akanivalisha mwenyewe.

"La kwako, Mama Lusungu. Njombe baridi."

"Baridi umeigundua leo unapoondoka?"

Tukacheka. Nje, Coaster ya kuwapeleka Makambako wakapande basi la Dar ikaanza kupiga honi. Nikakimbilia jikoni kufunga maandazi ya safari. Mara Hanna akaingia kwa mlango wa nyuma, akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mama. Nipe mtoto nimbebe mara ya mwisho."

Nikampa, vidole vyake vikanigusa, vya baridi. Wewe ungemnyima? Kwetu mgeni hanyimwi mtoto. Kumnyima ni kumwambia ana mkono mbaya. Akamfunga mgongoni kwa kitenge, mara moja tu, kama mwanamke aliyelea watoto sita. Na wiki tatu zote nilikuwa namfungia mimi! Hata hilo sikulitilia maanani, kwa furaha niliyokuwa nayo. Akatoka.

Nikabeba ndoo ya maandazi hadi kwenye gari. Nani kakaa dirishani, macho mekundu kwa kulia? Hanna.

"Hanna, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto? Si unaye wewe?"

Niamini, hapo ndipo nilipotazama mkono wangu. Sweta jekundu nilikuwa nimelivaa mimi. Na yule wa jikoni alikuwa amelivaa hilohilo.

Ndoo ikanidondoka. Nikakimbia nyuma ya jiko, kwenye mipaini, napiga kelele. Nikauona mgongo wake ndani ya ukungu, anatembea taratibu, anambembeleza mwanangu kwa Kibena.

"Wewe! Mtue mwanangu!"

Hakugeuka. Basi nikamtukana. Nilimtukana matusi ambayo mama yangu angenizaba kibao kuyasikia, nikakivuta kitenge kwa nguvu zangu zote. Kikaja mikononi, kizito, Lusungu ndani yake, kalala fofofo. Mbele yangu hapakuwa na mtu. Na kwenye nyasi zile zenye umande kulikuwa na njia moja tu ya miguu. Yangu.

Unajua mwenyekiti wa kamati ya wageni aliniambia nini? "Mama Lusungu, tulia bwana, usituharibie siku." Mtoto wangu! Mpaka leo damu inanichemka.

Nilipanda nao hadi Makambako, jikoni singerudi. Stendi nikambana Hanna. Akanijibu, "Sikushuka garini, mama. Niliogopa kuagana naye. Ila nilikuwa nawaza tu... nimchukue, niende naye."

Hakuwa na hatia, najua. Lakini nililivua lile sweta palepale, kwenye upepo ule wa Makambako, nikamrudishia.

Lusungu sasa ana miaka miwili. Tangu siku ile hakuna anayemweka mgongoni, hata mimi. Ukimfunga tu analala papo hapo, usingizi wa jiwe, na kumwamsha ni saa nzima ya kumlilia. Kwa hiyo namkumbatia mbele, na ukubwa wake ule. Wanawake wa sokoni wananicheka: "Mama Lusungu, leo umebeba debe la viazi?" Wacheke. Mbele namwona uso.

Nawe unayesoma, mgeni akikuomba mtoto, mshike mkono kwanza, uhisi kama una joto. Akikasirika, akasirike.