Benchi la Asilimia Kumi

Hatsue Kusumi alikuwa na miaka sitini na tisa kodi ya mauzo ilipopanda, tarehe mosi Oktoba. Aliuza keki za mchele zenye maharage matamu ndani, katika duka aliloachiwa na marehemu mumewe, kwenye mtaa wetu unaopanda kuelekea hekaluni. Keki moja ilikuwa yeni 120 kabla ya kodi. Kuanzia siku ile, mteja akiondoka nayo alipaswa kutozwa asilimia nane, jumla yeni 129. Akiilia kwenye kiti cha duka, asilimia kumi, yeni 132. Na kwa kuwa Hatsue aliuza pia kwa nyumba tatu za wageni, duka lake lilifikia kiwango cha mauzo kinacholipiwa kodi.

Ndani hapakuwa na kiti. Nje palikuwa na benchi moja la mwerezi, ambalo mumewe aliliunda kwa mikono yake. Bibi Nezu, mjane wa miaka themanini na sita, alikaa hapo kila asubuhi, akala keki yake, ndipo magoti yakubali kumalizia kilima.

Kumuuliza mtu kama huyo, "Utakula hapa au utabeba?" Hatsue hakuweza. Miaka thelathini hajamuuliza mtu swali hilo. Akawa anatoza 129 kwa wote, na kila mtu alipokaa, alichungulia barabara. Kila koti jeusi aliliona la mkaguzi. Alihofia atafungiwa duka, benchi likiwa ndilo ushahidi.

Shunpei, mtoto wa kaka yake, alimcheka.

"Shangazi, unakonda kwa yeni tatu?"

"Yeni tatu za serikali, si zangu."

"Nimekaa Marekani miaka sita. Kule bei ya rafuni ni porojo. Umeshika dola yako vizuri, keshia anakwambia ongeza senti. Ukihamia jimbo jingine, senti nyingine."

"Na watu hawagombani?"

"Wamezoea. Nenda Ujerumani sasa. Ukikaa mezani kodi ni kumi na tisa, ukibeba ni saba. Lakini wengi wanaandika bei moja tu, tofauti anaimeza muuzaji."

"Mimi nimeshameza vya kutosha. Chukua keki yako uende. Na usiilie hapo kwenye benchi!"

Katikati ya Novemba alikuja mwanamume mwenye koti jeusi. Alisimama ng'ambo ya barabara, akalitazama benchi, akalipiga picha, akaandika kitu kwenye daftari. Bibi Nezu alikuwa amekaa, unga mweupe midomoni. Yule mtu akavuka.

"Samahani mama, benchi hili ni la hapa dukani?"

Hatsue alilitazama lile koti jeusi. "Si letu," akasema. "Tumelikuta tu."

Bibi Nezu akaacha kutafuna.

"Ni la nani basi?"

"Sijui, mwanangu."

Mtu yule akafunga karatasi ya njano kwenye mguu wa benchi. "Ahsante. Mimi natoka idara ya barabara. Vitu visivyo na mwenyewe tunaviondoa kabla gari la kuzoa theluji halijaanza kupita. Lori litakuja Ijumaa."

Akashuka zake mtaani. Hatsue alibaki mlangoni, mikono ndani ya aproni.

"Mmelikuta tu?" alisema Bibi Nezu. "Mumeo alijikata kidole kwa benchi hili. Taulo la damu nililishika mimi."

Akikiri kwa watu wa barabara, watu wa kodi watasikia. Hilo ndilo lililomgandisha. Kisha akaiona ile karatasi ikipepea mguuni mwa benchi, akakimbia na kandambili zake za dukani mpaka akamfikia yule mtu mbele ya duka la tofu, chini mtaani.

"Ni langu! Nimesema uongo! Ni la mume wangu, na watu wanakula keki hapo, na mimi nawatoza asilimia nane!"

Mtu wa barabara alirudi hatua nyuma. "Mama, mimi ni wa theluji. Ya kodi siyajui. Livute tu liingie ndani ya mpaka wa kiwanja chako."

"Likiingia ndani si litakuwa langu kabisa?"

"Si umesema ni lako?"

Hatsue na Shunpei wakalivuta jioni ile. Dirishani likabandikwa tangazo: *Yeni 130, kodi ndani, ukae usikae.* Karibu na sanduku la pesa Hatsue aliweka kikombe, na kwa kila keki iliyoliwa benchini alidondosha punje ya haragwe bichi, ajue ngapi atazilipia serikali asilimia kumi. Za tangu Oktoba alizikumbuka kwa majina ya waliokaa. Alizidondosha moja moja.

Kesho yake Bibi Nezu alilisoma tangazo mara mbili.

"Umenipandishia yeni moja nikae kwenye benchi la mumeo?"

"Simama basi."

"Kwa magoti haya?"

Akakaa. Hatsue alidondosha punje kikombeni, akachungulia barabara, juu na chini, kisha akaenda kumwekea maji ya chai.